Raspberry Pi ya shule imepotea kwenye mtandao: isome anwani kabla ya kuibadilisha

Ziko shule ambazo maktaba yao ni Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo, iliyowekwa juu ya kabati, ikiwapa wanafunzi Wikipedia kupitia Kiwix au masomo ya Kolibri kwa Wi-Fi ya ndani, bila kuhitaji intaneti. Siku mashine hiyo ikipotea kwenye mtandao, darasa zima linasimama. Na fundi wa kwanza kufika mara nyingi hufanya jambo lilelile: anaipa anwani mpya ya IP aliyoiona kwenye maelezo ya mtu mwingine. Hapo tatizo moja linazaa la pili.

Ninachosisitiza ni hiki: anwani iliyomo kwenye mashine, hata kama ni mbovu, ni ushahidi. Inakuonyesha nani aliitoa na mashine inadhani iko kwenye mtandao gani. Ukiifuta kabla ya kuisoma, umebaki kubahatisha.

Maelezo haya ni ya Raspberry Pi OS, ingawa amri za `nmcli` zinafanya kazi vilevile kwenye laptopu ya zamani yenye Debian na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Tafuta skrini na kibodi. Usirekebishe anwani kupitia SSH (kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, kwa mtandao) kama una njia nyingine, kwa sababu amri moja yenye kosa itakufungia nje.

Anza na hizi tatu, na uyapige picha kwa simu majibu yake kabla ya kugusa chochote:

```
ip -br addr
ip route
nmcli device status
```

`eth0` ni mlango wa waya, `wlan0` ni Wi-Fi, na `lo` ni mashine kujizungumzia yenyewe, iache. Karibu kila kitu kinachofuata kimo ndani ya mistari hiyo michache.

Umeandika anwani, umewasha upya, hakuna kilichobadilika

Hili ndilo linalopoteza muda wa watu kuliko yote, na chanzo chake ni historia. Tangu 2015 mtandao wa Raspberry Pi uliendeshwa na programu iitwayo dhcpcd, na anwani ya kudumu iliandikwa kwenye faili `/etc/dhcpcd.conf`. Kabla ya hapo iliandikwa kwenye `/etc/network/interfaces`. Oktoba 2023 lilipotoka toleo la Bookworm, kazi hiyo ikahamishiwa NetworkManager. Maelezo ya zamani bado yamejaa mtandaoni, na mtu akiyafuata anaandika kwenye faili ambalo hakuna programu inayolisoma. Mashine haitoi hata onyo.

Uliza toleo, kisha uliza nani yuko kazini:

```
grep CODENAME /etc/os-release
systemctl is-active NetworkManager dhcpcd
```

Ukiona bookworm au trixie, na mstari wa kwanza wa jibu la pili ni `active`, achana na dhcpcd.conf kabisa. Ukikuta zote mbili ziko `active`, kuna mtu aliwahi kusakinisha dhcpcd juu ya NetworkManager, na sasa programu mbili zinagombea mlango mmoja. Zima dhcpcd: `sudo systemctl disable --now dhcpcd`.

Hakuna anwani ya IPv4 kabisa

Tazama mstari wa `eth0`. Ukiona `DOWN`, usiendelee na programu. Umeme wa ishara haufiki: waya umechomoka, kichwa chake kimekatika kile kijiulimi, swichi imezimwa, au tundu la swichi limekufa. Taa ndogo za kwenye tundu la Pi zinapaswa kuwaka. Badilisha waya kwa ule unaojua ni mzima, badilisha tundu, ndipo urudi kwenye kibodi.

Ukiona `UP` lakini anwani pekee ni ile ndefu inayoanza na `fe80`, usidanganyike kwamba mashine imepata anwani. Hiyo ya fe80 mashine imejitungia yenyewe, haikutoka kwa ruta. Kwenye matoleo ya zamani yenye dhcpcd utaona badala yake anwani inayoanza na 169.254, na maana yake ni ileile: niliomba anwani, hakuna aliyejibu. Kwenye NetworkManager utaona `nmcli device status` ikikwama kwenye `connecting (getting IP configuration)`.

Kwa nini hakuna aliyejibu? Chomeka laptopu kwenye waya uleule. Nayo ikikosa, tatizo haliko kwenye Pi. Ama swichi haijaunganishwa na ruta, ama DHCP (huduma ya kugawa anwani) imezimwa kwenye ruta, ama anwani zimekwisha. Hili la kuisha ni la kweli sana shuleni: ruta imepangiwa kugawa, tuseme, kuanzia .100 hadi .149, na inazishikilia kwa saa 24 hata kama simu iliyochukua imeondoka saa nyingi. Simu hamsini za asubuhi zinatosha. Ingia kwenye ruta, ongeza fungu la anwani na upunguze muda wa kuzishikilia uwe saa moja au mbili.

Kuna sura nyingine ya dalili hii ambayo inastahili uangalifu wa pekee huku kwetu: umeme umekatika, umerudi, na Pi haina anwani mpaka mtu aiwashe upya. Pi huamka upesi. Ruta, hasa ya faiba, huchukua muda mrefu zaidi. NetworkManager inasubiri jibu la DHCP kwa sekunde 45, inajaribu mara nne, kisha inapumzika dakika tano kabla ya kurudia. Kama Pi imechomekwa kwenye swichi na si moja kwa moja kwenye ruta, haijui hata kwamba ruta imewaka, kwa sababu swichi ilikuwa hai muda wote. Mwalimu anaingia darasani ndani ya dakika hizo tano na kuona mashine imekufa.

Dawa ni kuiambia isikate tamaa. Tafuta kwanza jina la muunganisho kwa `nmcli con show`. Mara nyingi ni `Wired connection 1`, na kwenye matoleo mapya huenda likaanza na `netplan-`. Kisha:

```
sudo nmcli con mod "Wired connection 1" connection.autoconnect-retries 0 ipv4.dhcp-timeout infinity
```

Sifuri hapo maana yake ni kujaribu bila kikomo. Baada ya hapo zima swichi kuu ya ukuta, subiri, washa, uone mwenyewe. Jaribio la kuwasha upya Pi peke yake halitoshi, kwa sababu wakati huo ruta tayari iko hai.

Ilifanya kazi mpaka shule ilipobadilisha ruta

Ruta nyingi za laini ya simu za Huawei hutumia 192.168.8.1, na visanduku vyake vingi vya faiba hutumia 192.168.100.1. Shule ikihama kutoka laini ya simu kwenda faiba, Pi iliyoandikiwa 192.168.8.50 ndani yake inabaki inaitafuta 192.168.8.1 ambayo haipo tena. Kila kitu kwenye skrini kinaonekana sawa: `UP`, anwani ipo, njia ipo. Hakuna kinachojibu tu.

Linganisha mafungu matatu ya kwanza ya namba za anwani ya Pi (kama 192.168.8) na ya simu yoyote iliyo kwenye mtandao huohuo. Yakitofautiana, umepata jibu. Mrudishie ruta kazi ya kugawa anwani:

```
sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method auto ipv4.addresses "" ipv4.gateway "" ipv4.dns ""
sudo nmcli con up "Wired connection 1"
```

Kisha, ukitaka anwani isiyobadilika, itenge kwenye ruta, usiiandike kwenye Pi. Huo ndio msimamo wangu, na sijaona shule ambako njia nyingine ni bora. Ruta nyingi zina ukurasa wa kuifunga anwani fulani na namba ya MAC ya mashine, yaani namba ya utambulisho ya mlango wake wa mtandao. Namba hiyo utaipata kwa `ip link show eth0`, baada ya neno `link/ether`. Kwenye mbao za Raspberry Pi mara nyingi huanza na b8:27:eb, dc:a6:32, e4:5f:01, d8:3a:dd au 2c:cf:67, jambo linalosaidia unapoitafuta kwenye orodha ndefu ya simu. Kumbuka waya na Wi-Fi vina namba mbili tofauti. Faida yake ni kwamba ruta ikibadilishwa, Pi inapata anwani mpya yenyewe, na aliyekuja kufunga ruta halazimiki kujua Linux.

Kama ruta haina uwezo huo na lazima uandike kwenye Pi, chagua anwani iliyo nje ya fungu ambalo ruta inagawa, na usisahau `/24` mwishoni, inayotaja ukubwa wa mtandao:

```
sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.100.20/24 ipv4.gateway 192.168.100.1 ipv4.dns 192.168.100.1
```

Ukiacha `/24`, nmcli inaandika `/32`, yaani mtandao wenye mashine moja tu. Dalili yake inachanganya: intaneti huenda ikafanya kazi vizuri, ila kompyuta za jirani haziipati Pi au zinaipata kwa kubahatisha. Pi inaziona kama ziko mbali, inamkabidhi ruta majibu yao, na ruta nyingine huyapitisha, nyingine huyatupa.

Asubuhi ipo, saa nne haipo

Ikipotea watu wanapoongezeka, shuku anwani iliyogongana. Pi imeandikiwa 192.168.8.110, ruta haina habari, na simu ya kumi na moja ya siku hiyo inapewa 192.168.8.110 ileile. Sasa mashine mbili zinaitikia jina moja, na kila kompyuta inafika kwa mmoja wao kwa bahati. Ukiingia kwa SSH na kupewa onyo kali kwamba ufunguo wa mashine umebadilika ilhali hujasakinisha chochote upya, huenda umebisha mlango wa mtu mwingine.

Uthibitisho ni rahisi. Chomoa waya wa Pi, na kama iko kwenye Wi-Fi pia izime kabisa. Kisha kutoka laptopu ya Windows piga `ping 192.168.8.110`. Ikijibu, anwani ina mwenyewe mwingine. Isipojibu, usihitimishe bado: piga `arp -d *` kwa ruhusa ya msimamizi, ping tena, halafu `arp -a`: simu au kompyuta iliyokataa kujibu ping hutokea hapo kwa namba yake ya MAC. Tiba umeshaiona hapo juu.

Ikipotea bila kujali idadi ya watu, angalia umeme kabla ya mtandao:

```
vcgencmd get_throttled
```

`0x0` ni afya. `0x50000` maana yake volti zilishuka wakati fulani tangu mashine iwashwe, na `0x50005` maana yake ziko chini sasa hivi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu yenye waya mwembamba haifiki huko, na vifaa vya USB, pamoja na Wi-Fi ya kuchomeka, ndivyo huanguka kwanza. Na ikiwa Pi iko kwenye Wi-Fi na inachelewa kuitika baada ya kukaa kimya, zima hali ya kubana umeme: `sudo nmcli con mod "JinaLaWiFi" 802-11-wireless.powersave 2`.

Anwani ipo, intaneti haipo

Ping tatu, kwa mpangilio huu:

```
ping -c 3 192.168.8.1
ping -c 3 1.1.1.1
ping -c 3 sw.wikipedia.org
```

Badilisha ya kwanza iwe anwani iliyo baada ya `default via` kwenye `ip route`. Ikishindwa hiyo, bado uko ndani ya jengo: rudi kwenye waya, anwani na ruta. Kama hakuna mstari wa `default` kabisa, mtu aliandika anwani akasahau lango.

Ya kwanza ikipita na ya pili ikishindwa, Pi imemaliza kazi yake. Angalia bando. Ruta ya laini ya simu inaendelea kugawa anwani kwa uaminifu hata salio likiwa sifuri, na Wi-Fi inabaki na mistari yote. Washa simu kwenye Wi-Fi hiyo, zima data yake, ufungue ukurasa wowote. Nayo ikikwama, nunua bando au piga simu kwa mtoa huduma.

Mbili zikipita na ya tatu ikagoma, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Soma `cat /etc/resolv.conf`. Likiwa tupu, uliandika anwani kwa mkono ukaacha sehemu ya `ipv4.dns`. Likitaja ruta ya zamani, unajua la kufanya. Lakini usilirekebishe faili hilo kwa mkono, kwa sababu NetworkManager italiandika upya. Weka thamani kupitia `nmcli con mod`.

Zote tatu zikipita lakini `apt update` au kurasa za https zinakataa kwa makosa ya vyeti, tazama saa kwa `timedatectl`. Pi 4 na zilizotangulia hazina saa inayotembea umeme ukikatika, na Pi 5 inayo lakini inahitaji betri yake ndogo inunuliwe kando. Mashine iliyoamka ikidhani ni miezi iliyopita inaona vyeti vya usalama ambavyo bado havijaanza kutumika. Ikipata intaneti itajisahihisha kwa NTP, huduma ya kuuliza saa mtandaoni, mradi ruta haizuii poti ya UDP 123.

Kuna hali moja zaidi: Pi iko kwenye waya wa maabara usio na intaneti, na kwenye Wi-Fi ya ofisi yenye intaneti. `ip route` inaonyesha `default` mbili, ya waya ikiwa na `metric 100` na ya Wi-Fi `metric 600`. Namba ndogo ndiyo inayoshinda, kwa hiyo kila kitu kinaelekezwa kwenye waya usiokwenda popote. Iambie waya isijitangaze kuwa njia ya kutokea: `sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.never-default yes`, kisha `nmcli con up` tena.

Wi-Fi haishiki

Kama `wlan0` inasema `unavailable`, piga `rfkill list`. Ikiwa imefungwa, kawaida ni kwa sababu nchi haijatajwa: `sudo raspi-config nonint do_wifi_country TZ`, au KE, UG, RW, kulingana na ulipo. Usiweke US kwa mazoea. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 13, mashine iliyoambiwa iko Marekani haitaiona. Na Pi 3B ya kwanza, Zero W na Zero 2 W zinasikia GHz 2.4 tu, kwa hiyo jina la Wi-Fi la GHz 5 halitatokea kwenye orodha hata ukisubiri hadi jioni.

Kama `wlan0` ina anwani 10.42.0.1, hakuna kilichoharibika. Pi imewekwa kuwa hotspoti na NetworkManager hujipa anwani hiyo. Wanafunzi wajiunge nayo, wafungue 10.42.0.1.

Pi ni nzima, simu za wanafunzi haziifungui

Laptopu ya mwalimu kwenye waya inafungua Kolibri, simu zilizo kwenye Wi-Fi hazifungui. Kwanza, zima data kwenye simu moja. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti hupendelea laini ya simu, na huko nje 192.168.8.50 yako haijulikani. Ni chanzo cha kawaida mno, na mwanafunzi hawezi kukikisia. Pili, hakikisha anwani imeandikwa yote, pamoja na `http://` na poti: `http://192.168.8.50:8080` kwa Kolibri isiyobadilishwa. Jina kama `raspberrypi.local` halifunguki kwenye simu nyingi za Android za zamani, kwa hiyo bandika ukutani namba. Tatu, ingia kwenye ruta uone kama Wi-Fi hiyo ni ya wageni au imewekwa kuwatenga watumiaji wasionane. Ikiwa hivyo, kila simu inaiona intaneti na haioni Pi.

Kama hata laptopu haifungui ilhali ping inajibu, piga kwenye Pi `sudo ss -tlnp`. Huduma iliyoandikwa `127.0.0.1:8080` inaisikiliza Pi yenyewe tu. Inapaswa kuwa `0.0.0.0:8080` au `*:8080`. Hapo rekebisha mipangilio ya programu hiyo. Anwani ya IP haina kosa.

Unataka kuifikia ukiwa mjini

Umefungua poti kwenye ruta na bado kutoka nje hakuna kinachofika. Tafuta kwenye ukurasa wa ruta anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia, kwa kuwa mlango uliofungwa ni wa mtoa huduma. Kilichobaki ni kumwomba anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au kuifanya Pi yenyewe ipige kwenda nje kwa WireGuard, programu ya VPN, hadi seva ndogo yenye anwani ya umma, ukiweka `PersistentKeepalive = 25` upande wa Pi ili njia isifungwe ikikaa kimya.